Namna ya Kuamua Ugumu Ukae Wapi Katika Mfumo Endeshi

Anayebuni mfumo endeshi, hata ule mdogo wa kujifunzia, hupenda kujigamba kwamba kiini chake, yaani sehemu ya ndani inayosimamia mashine na kuhudumia programu, ni chepesi. Kabla ya kumsifu, inafaa tuulize ugumu alioutoa kwenye kiini umekwenda kuishi wapi, kwa maana mara nyingi utaukuta umehamia kwenye programu.

Anza kwa kuchagua huduma moja tu, tuseme kusoma data, kisha uifuatilie hadi pale inapokwama. Mambo yakienda sawa kila muundo huonekana rahisi. Programu imeomba kusoma kutoka kwenye kibodi na kiini kimeilaza kikisubiri mtumiaji abonyeze kitufe. Kabla hajabonyeza, inaingia ishara (taarifa ya ghafla inayoikatiza programu), labda ya kengele ambayo programu yenyewe iliitega. Je, lile ombi la kusoma lifanyweje?

Mfumo wa ITS uliotengenezwa MIT ulijitwisha mzigo wenyewe: kiini kiliirudisha programu nyuma, kikaishughulikia ishara, kisha ombi likaendelea kana kwamba halikukatizwa. Unix, iliyoanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie mwaka 1969, ilichagua njia fupi, ambapo kiini hukatisha ombi, hurudisha kosa liitwalo EINTR, na programu hujitafutia njia.

Hatua inayofuata ni kuandika kwa mkono wako kile ambacho mwandishi wa programu atalazimika kukiandika:

do {
    n = read(fd, buf, sizeof buf);
} while (n == -1 && errno == EINTR);

Yaani: soma, na kosa likiwa EINTR, soma tena. Mistari mitatu si mingi, lakini inahitajika kila mahali programu inaposoma, na anayeisahau hatagundua kosa lake siku ya majaribio, kwa kuwa siku hiyo huenda ishara isiingie hata moja. Isitoshe, kitanzi hicho hicho ukikitumia kwa close (ombi la kufunga faili) kwenye Linux unaharibu mambo: nambari ambayo kiini kililipa faili lilipofunguliwa huwa imekwisha kuachiliwa hata kosa linaporudi, hivyo jaribio la pili linaweza kufunga faili ambalo uzi mwingine wa programu (sehemu yake inayoendeshwa sambamba) umelifungua punde tu kwa nambari ile ile.

Hapo ndipo pa kuamua, na kipimo ninachokiamini ni kuuliza nani anayo taarifa. Kiini hakijui kama programu ingependa kuendelea kusubiri au kukata tamaa. Toleo la 4.2BSD la mwaka 1983, la Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilipoanza kurudia baadhi ya maombi lenyewe, programu zilizotegemea kengele ili kuacha kusubiri zilikosa njia ya kutokea, na baadaye ikabidi programu ipewe uwezo wa kuchagua. Kwa hiyo uamuzi wa kurudia uachie programu, ila kitanzi kiandikwe mara moja kwenye maktaba. Kwa upande wa close, anayejua kama nambari imeachiliwa ni kiini peke yake. Kuiacha programu ikisie, kama POSIX, viwango vya pamoja vya mifumo ya aina ya Unix, vilivyofanya kwa miaka mingi, ni uvivu uliovishwa joho la usahili.

Usipime kwa idadi ya mistari pekee. Ritchie aliandika kwamba fork ya kwanza (ombi la kuunda mchakato mtoto, nakala ya programu inayoendeshwa), kwenye kompyuta ya PDP-7, ilihitaji mistari 27 tu ya lugha ya asembli. Zilipokuja programu zenye nyuzi nyingi, mtoto akajikuta amerithi kufuli (vizuizi vya kulinda data inayotumiwa na nyuzi kadhaa) zilizofungwa na nyuzi ambazo kwake hazipo.

Ukitaka kujipima, fungua msimbo wa xv6, mfumo wa kufundishia wa MIT, ulinganishe vitanzi viwili vya kusubiri. Kile cha kusoma bomba (njia ya kupitishia data kati ya michakato) huangalia kama mchakato umeamriwa kufa, na kama ndivyo hurudisha -1 papo hapo. Kile cha kusubiri diski hakiangalii, kwa sababu huenda mchakato uko katikati ya kuandika faili jipya. Andika sentensi moja kwa kila kitanzi, ukieleza nini kingeharibika kama vingebadilishana tabia.