Mnaoisubiri PS6 (PlayStation 6, mashine ya gemu ya Sony), msiuze PS5 mapema
Wadau, najua hela inatafutwa mapema, ila PS5 usiiuze kabla mpya haijafika mkononi, maana sevu (pale ulipofikia) za gemu za PS5 hazikopiki kwenye flashi kama ilivyokuwa PS4, ni uwe umelipia PS Plus (huduma ya Sony ya kulipia) zikae mtandaoni au uwe na mashine mbili zimeunganishwa Wi-Fi moja ndo uhamishe, sasa ukishaiuza career yako ya FC (gemu la mpira) ya misimu kibao imeenda hivyo, inauma kweli. CD nazo tunza tu, ila kabla hujalipia mpya uliza kama ina sehemu ya CD, PS5 Pro ya Novemba 2024 ilikuja bila, unainunua pembeni.