Kabla ya Kulipia Hoteli ya Ufuoni, Tazama Mwezi

Mimi nauza vitambaa Eastleigh, Nairobi. Jioni na wikendi ndimi mweka hazina wa chama chetu cha akina mama tisa wa Donholm. Kila mmoja hutoa elfu tatu kwa mwezi, na mwaka ukiisha hatununui masufuria wala viti vya plastiki. Tunateremka Pwani, tunalala kwenye hoteli ya hadhi ya juu siku nne, tunahudumiwa. Kwa kuwa pesa ni za watu wanane wengine wenye midomo, nimejifunza kuchagua kwa uangalifu. Haya ndiyo ninayofanya.

Nianze na mwaka wa kwanza, maana pale ndipo nilipolipa karo. Nilichagua hoteli ya nyota tano, pwani ya kaskazini, kwa sababu ya picha moja: bahari ya samawati imefika mpaka kwenye ngazi, unatoka kwenye kitanda cha jua unatumbukia. Tukasafiri kwa treni ya usiku. Asubuhi tukanywa chai, tukavaa nguo za kuogelea na leso juu, na saa nne tukateremka zile ngazi kwa msururu. Bahari haikuwepo. Palikuwa na miamba, madimbwi, majani ya baharini yaliyolala kama nywele zilizochanwa vibaya, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi. Mzee mmoja alikuwa anarudi kutoka huko na fimbo ya chuma, pweza wawili wananing'inia.

"Shikamoo mzee. Bahari imeenda wapi?"

"Marahaba. Leo bamvua, mwanangu. Mwezi haukuwa mpevu jana? Rudini alasiri, saa kumi, mtaikuta hapa hapa kwenye ngazi."

Picha haikudanganya, basi. Ilipigwa saa kumi tu. Na sisi saa kumi tulikuwa tumeshalipia gari la kwenda kutembezwa Fort Jesus.

Tangu siku hiyo sichagui hoteli kwanza. Nachagua maji, kisha tarehe, hoteli inakuja ya tatu.

Maji ya Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa inasogea mbele kwa kama dakika hamsini. Mwezi ukiwa mwandamo au ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ikapita mita 3. Na kwa upande wetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Hapo mambo yanageuka: maji hujaa mnamo saa nne asubuhi, na hata yakipwa alasiri hayaendi mbali. Kwa hiyo kama watu wako ni wa kuoga asubuhi na kulala mchana, kama sisi, tafuta wiki ya nusu mwezi. Anayefunga Ramadhani au mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hana haja ya kutafuta kwenye simu. Karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi wa Kiislamu ni maji mafu, karibu na 1 na 15 ni bamvua. Jirani yangu wa duka ana kalenda hiyo juu ya mzani wake wa viungo, na kila Oktoba mimi huenda kuisoma bila kununua chochote.

Si kila mahali maji kupwa ni balaa. Watamu, maji yakishuka hutokea fungu za mchanga mweupe katikati ya bahari, na watu hutembea hadi huko na kamera. Hapo bamvua ni starehe. Kilifi kuna mkono wa bahari wenye kina, unaogelea saa yoyote. Shela, Lamu, ukiwa kwenye mlango wa bahari upande wa kijiji maji yapo muda wote, lakini huko unafika kwa ndege ya kutua Manda kisha boti, na chama changu kina wawili wasiopanda boti hata kwa bunduki. Nyali, Bamburi na Shanzu ziko karibu na mji, hoteli kubwa zimejaa, ni rahisi kufika, na ndiko unakoona ngamia na vijana wa ufuoni wengi zaidi. Ufuo chini ya alama ya maji makuu ni wa umma, hoteli haiwezi kuwafukuza, kwa hiyo usikubali kulipia zaidi eti kwa ajili ya "ufuo wa faragha". Diani mchanga ni laini kama unga wa ngano, mwamba uko mbali kidogo na unavunja mawimbi, ndani yake maji yametulia. Asiyejua kuogelea anasimama bila mawimbi makubwa kumpiga.

Malindi nitasema neno moja zaidi, kwa sababu linatuhusu sisi wa Nairobi. Mvua ikinyesha bara, Mto Sabaki huingia baharini kaskazini mwa mji ukiwa na tope jekundu, na bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Sabaki ni jina la mwisho la mto ule ule ambao huku juu tunauita Athi, na Mto Nairobi humwaga humo. Ukisimama ufuoni Malindi mwezi wa tano ukalalamika juu ya uchafu, kumbuka huenda mnajuana.

Kuhusu majira: Desemba hadi Machi ni kaskazi, jua kali na maji safi ya kutazama samaki. Aprili na Mei masika hunyesha kweli kweli. Bei hushuka sana, ila hoteli nyingine hufunga miezi hiyo ili kupaka rangi na kubadilisha makuti, na nyingine hazifungi ila hupaka rangi hivyo hivyo wageni wakiwa ndani. Uliza. Kuanzia hapo hadi Septemba ni kusi, upepo una nguvu na bahari ina fujo, lakini hakuna joto la kukunyima usingizi. Krismasi, Pasaka na Agosti bei hupanda, na wiki ya mwisho ya Desemba hoteli nyingi hazikubali kukuuzia usiku mmoja au miwili.

Sasa ndipo nachukua simu. Hoteli kubwa nyingi zina ofisi ya mauzo hapa Nairobi, na wao ndio watakaokupa bei. Lakini maswali ya bahari usiwaulize wao. Piga mapokezi ya hoteli yenyewe, asubuhi kabla watu hawajaanza kuhama vyumba. Mwaka jana niliongea na dada mmoja hivi:

"Dada, maji yakipwa, wageni wenu huoga wapi?"

"Bahari yetu ni nzuri sana mama, karibuni."

"Naamini. Mimi nauliza saa nne asubuhi, siku ya bamvua."

Kimya. Kisha akacheka. "Mama wewe ni wa huku?"

"Ni wa Donholm."

"Haya. Siku ya bamvua utatembea kama dakika kumi hivi mpaka upate maji ya kukufika kiunoni. Njoo na viatu vya maji, kuna wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba. Lakini kuna bwawa upande wa baharini lenye kivuli mpaka mchana."

Huyo ndiye nikampa biashara. Mtu anayekwambia habari ya miiba kabla hujalipa, na mengine atakwambia. Maswali yangu mengine kwake yalikuwa matatu. Maji ya bafuni ni ya chumvi au hayana chumvi? Hoteli nyingi za Pwani hutumia maji ya kisima, sabuni haitoi povu na nywele zinakauka kama katani. Sisi akina mama wa kusuka tunataka kujua mapema. Jenereta iko wapi? Na muziki wa jioni unazimwa saa ngapi, nao uko upande gani wa vyumba?

Vyumba sasa. Chumba "kinachoelekea bahari" na chumba "chenye mandhari ya bahari" si kitu kimoja. Cha kwanza ukifungua mlango bahari iko mbele yako. Cha pili, kuna mahali fulani kwenye baraza ambapo ukigeuza shingo utaiona. Tuliwahi kupewa cha pili, na mandhari yenyewe ilikuwa minazi miwili na paa la jikoni. Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, tafuta hoteli, hesabu majengo, halafu uliza namba ya jengo utakalowekwa. Mimi hupendelea ghorofa ya pili: upepo unafika, na tumbili hawasumbui sana. Diani tumbili hawana haya. Wanajua kusukuma mlango wa kioo, na mwenzetu mmoja aliibiwa mkate wa nyama ukiwa njiani kuelekea mdomoni. Juu ya barabara ya Diani wamefunga ngazi za kamba ili mbega, wale weusi wenye nywele nyeupe mabegani, wavuke bila kugongwa na magari. Hao hawaibi, wanakula majani yao.

Shuka ni eneo langu, niruhusuni. Kwa joto na unyevu wa Pwani, shuka yenye mchanganyiko wa poliesta inakugandia mgongoni kufikia saa nane usiku, hata kama kiyoyozi kinanguruma. Omba wakutumie picha ya kitanda halisi, si ile ya tangazo, na tazama ncha ya shuka ilipokunjwa. Pamba tupu hukunjamana kidogo hata ikipigwa pasi. Shuka iliyonyooka kama karatasi na inayometameta kwenye mwanga wa dirisha, huenda ina poliesta. Ukifika, chukua pembe ya shuka uifikiche kati ya vidole viwili karibu na sikio. Ikitoa sauti kama ya karatasi ya peremende, waambie wabadilishe. Nimefanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili kulikuwa na shuka nzuri kwenye stoo.

Nyota usizipuuze, usiziabudu. Hapa kwetu hupewa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hoteli iliyopewa haioni haya kukuonyesha. Lakini kuna hoteli ndogo za vyumba kumi zisizo na mbwembwe za nyota, na samaki wao wa kupaka unamkumbuka hadi Machi.

Kwenye pesa, soma herufi. BB ni malazi na chai ya asubuhi. HB ni hayo pamoja na chakula cha jioni, FB unaongeza cha mchana, AI na vinywaji vimo. Sisi tulilipa AI mara moja tukajuta. Soda na bia za humu nchini zilikuwa bure, lakini madafu, kahawa nzuri na juisi ya kukamua vilikuwa na bili yake, na wengi wetu hatunywi bia. HB inatutosha. Mchana tunatoka nje ya geti tunakula viazi karai na ukwaju.

Sema wewe ni mkazi tangu sentensi ya kwanza, kwa sababu bei ya mkazi na ya mgeni wa nje ni tofauti, nanyi nyote mtaombwa vitambulisho mkifika. Kisha uliza: hiyo bei ni ya mwisho? Kodi ya VAT ni asilimia 16, ushuru wa utalii ni asilimia 2, na hoteli nyingine huweka ada ya huduma juu yake. Ikiwa bei ya simu haina hivyo, mweka hazina ndiye atakayetukanwa. Kanuni za kuahirisha safari ziandikwe kwenye barua pepe. Ahadi ya mdomo huondoka na aliyeitoa siku anapobadilisha kazi.

Usafiri uingize kwenye hesabu ya hoteli. Treni ya SGR kutoka Syokimau huchukua kama saa tano, lakini inakuacha Miritini, na kutoka hapo hadi Diani bado kuna safari ya kuvuka kwa feri ya Likoni au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Gari la hoteli kwa njia hiyo si bure; tulipolinganisha, matatu ya kukodi ya viti kumi na nne ilitugharimu chini ya nusu. Wenye haraka na pesa huruka hadi uwanja wa ndege wa Ukunda, jirani na Diani, na dakika chache baadaye wako mchangani.

Mwaka huu nimeshalipa arbuni. Diani, Februari, wiki ya nusu mwezi, ghorofa ya pili, HB. Tatizo lilikuwa hesabu: sisi ni tisa, vyumba ni vya watu wawili wawili, na hoteli hutoza nyongeza kwa anayelala peke yake. Kikao kilichukua saa nzima. Mwishowe tukakubaliana chumba cha tano apewe yule anayekoroma, na nyongeza tukaigawanya sote tisa, yeye mwenyewe akiwemo.