Kichwa hakikuumi kamwe? Pima mkono kwenye maji ya barafu

Wapo watu wazima wasiokumbuka kuumwa kichwa hata siku moja, na majirani huwaita wagumu wa maumivu. Kama ni wagumu kweli, ndoo na barafu zitasema. Ila mwenye presha, ugonjwa wa moyo, selimundu, kisukari, ujauzito au kidonda mkononi asijaribu: baridi hii hupandisha presha ghafla.

Tia lita 5 za maji kwenye ndoo, ongeza kilo 2 hivi za barafu ya mifuko, koroga mpaka kipimajoto kisome nyuzi 2. Cha homa hakifai, kwani huanzia nyuzi 35 hivi. Tafuta cha jikoni. Maji ya bomba ya Arusha asubuhi ya Julai, pamoja na ukali wake wote, hayatoshi.

Kwanza loweka mkono dakika 2 kwenye maji vuguvugu ya nyuzi 32. Wengi huruka hatua hii, halafu majibu ya Julai hayafanani na ya Februari, maana ngozi haikuanzia joto moja.

Sasa zamisha mkono mpaka kwenye kifundo, vidole wazi. Mwenzako ashike saa, wewe usiione. Anayeiona hushindana nayo. Aendelee kukoroga taratibu, kwani maji yakitulia, tabaka la uvuguvugu huuzunguka mkono na kukudanganya. Kufunga ngumi nako ni kujidanganya. Sema “inauma” pale baridi inapogeuka maumivu, na utoe mkono ukishindwa. Dakika 3 ndiyo mwisho, hata kama bado unaweza.

Andika nyakati zote mbili, lakini amini zaidi ule wa kwanza. Wa pili una ukaidi ndani yake, tena mkono ukishaanza kufa ganzi kuvumilia huwa rahisi. Rudia siku nyingine saa ile ile, bila kumeza panadol, na umpime pia ndugu anayeumwa kichwa mara kwa mara. Nyuzi ziwe zile zile: tofauti ya nyuzi 2 tu yaweza kubadili muda.

Ukitoa mkono sekunde ya 20, si ajabu. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachouma kichwani ni utando unaoufunika, mishipa ya damu na misuli ya kichwa na shingo. Mkono una neva zake, na ukimya wa kichwa hauzihusu.

Wa kushtukia ni yule anayesikia baridi tu bila maumivu, na ana makovu ya moto asiyojua aliyapataje. Huyo akapimwe neva hospitalini, KCMC kwa walio Moshi.