Safari ya motisha ya kampuni Zanzibar: namna ya kuipanga pamoja na wenyeji

Kampuni zikiwapeleka wauzaji wao bora Zanzibar, ratiba huwa haibadiliki sana: hoteli ya ufukweni, boti ya kwenda kuogelea, ngoma ya kukodi wakati wa chakula cha usiku, na siku ya mwisho saa mbili za "kurudisha kwa jamii". Hapo ndipo watu arobaini wenye fulana za kampuni wanapopaka rangi ukuta wa shule ambao haukuwa na shida ya rangi. Wenyeji wanaishia kwenye picha.

Mwongozo huu ni kwa mratibu anayetaka kupanga tofauti. Mfano nitakaoutumia ni kundi la watu 40 kutoka Dar es Salaam, siku nne, pwani ya kusini mashariki ya Unguja, yaani Paje na Jambiani. Ninavyofanya mimi, ratiba ya mwenyeji hupangwa kwanza, na ya hoteli huifuata.

Hatua ya 1: Elewana na mteja kuhusu zawadi

Safari ya motisha ni zawadi. Aliyevuka malengo ya mauzo hajaja kujitolea, na mkulima wa mwani hajaomba msaada wake. Liondoe neno "msaada" kwenye andiko lako tangu mwanzo. Tunachouza ni mgeni kupokelewa vizuri na mwenyeji kulipwa vizuri kwa kazi ya kumpokea. Kampuni ikitaka kuchangia kisima au madawati, ni jambo jema, ila lipitie kwa sheha (kiongozi wa serikali kijijini) na kamati ya kijiji kwa wakati wake, bila hundi kubwa ya maboksi na bila watoto kutolewa darasani kuja kupiga makofi.

Chukua taarifa mapema: umri, wajawazito, wasiojua kuogelea, wenye mzio wa vyakula vya baharini, na kama wakurugenzi nao watakuja. Hilo la mwisho litakusaidia kwenye chakula, nitaeleza.

Hatua ya 2: Tafuta tarehe mbinguni kabla ya kuitafuta hotelini

Hapa ndipo ratiba nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kilimo cha mwani hufuata maji. Mwezi unapokuwa mchanga na unapokuwa mpevu, huja bamvua: bahari hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kufika kama mita nne. Siku hizo, upande huu wa Afrika, maji hupwa kabisa asubuhi, kabla ya adhuhuri, na wakulima huweza kutembea hadi mashambani mwao. Katikati ya bamvua mbili huja maji mafu. Bahari haitoki vya kutosha, na hakuna kazi ya kumwonyesha mgeni. Ukileta kundi siku ya maji mafu, kinamama watawafungia kamba mbili tatu ufukweni kwa adabu tu. Hayo ni maonyesho, na mgeni mwenye akili ataona.

Tuchukue Agosti 2026. Mwezi mchanga ni tarehe 12 na mwezi mpevu ni tarehe 28. Bamvua huwa kali siku moja au mbili baada ya hapo. Ijumaa ya tarehe 14 maji yatakuwa mazuri, lakini ni siku ya sala ya Ijumaa, na mchana kijiji kina shughuli zake. Kwa hiyo ningewafikisha watu Alhamisi, Ijumaa wapumzike na kuogelea, kazi za kijijini ziwe Jumamosi na Jumapili asubuhi, Jumapili jioni warudi. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo Jumapili msiwatoe watu hotelini saa ile ile ya jana. Bamvua ya tarehe 28 nayo ingefaa, ila Maulidi yanatarajiwa siku mbili tatu kabla yake, kadiri mwezi utakavyoandama. Uliza kwanza kijiji kina nini wiki hiyo.

Kampuni nyingi hufunga hesabu za mauzo Desemba na kutaka kusafiri Februari. Kwa mwaka 2027 kuwa mwangalifu: Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Usimwombe mtu aliyefunga akupikie na kukuhudumia chakula cha mchana. Sogeza safari iwe Januari. Machi hadi Mei ni masika. Bei za hoteli hushuka na kuna sababu.

Na kama mteja anatafuta tukio kubwa, mwulize kama atasubiri Julai. Makunduchi, kusini zaidi ya Jambiani, husherehekea Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, kila Julai: wanaume hupigana kwa mashina ya migomba, kibanda huchomwa moto, na kinamama huimba. Watu wa nje hukaribishwa. Ila sherehe ni yao. Usiombe wabadilishe saa kwa ajili ya basi lako.

Hatua ya 3: Piga hodi kwa sheha

Nenda mwenyewe, bila mteja na bila kamera, wiki nyingi kabla. Sheha ndiye kiongozi wa serikali katika shehia, na vikundi vinavyopokea wageni vinajulikana kwake. Baada ya salamu zote (usizikate, mzee akiuliza habari za nyumbani jibu na wewe umuulize), mweleze idadi, tarehe na wanachotaka wageni. Kisha omba kukutanishwa na wanakikundi wenyewe, si mtu mmoja anayejua kuzungumza na wageni. Mwani wa Paje na Jambiani, ulioanza kulimwa kibiashara mwaka 1989, uko zaidi mikononi mwa wanawake, kwa hiyo bei ipangwe na wanawake.

Uliza: siku hiyo mngefanya kazi gani hata sisi tusingekuja? Watu wangapi mnaweza kuwapokea bila kazi kusimama? Wapi hamtaki tufike? Nani hapendi kupigwa picha? Kisha nyamaza uwasikilize. Na ukiambiwa "inshallah, tutaangalia" mara mbili kwa jambo lile lile, chukua kwamba umekataliwa kwa heshima, usilirudie mara ya tatu.

Hatua ya 4: Ligawe kundi

Watu arobaini shambani ni vurugu. Kumi wanatosha. Jumamosi kumi waende kwenye mwani, kumi wapike, kumi wasuke ukili, na kumi waende msitu wa Jozani kuwaona kima punju na kupita kwenye daraja la mbao la mikokoni. Jumapili wabadilishane.

Shambani, mpe kila mgeni kamba moja na mwalimu mmoja. Kazi yenyewe inaonekana nyepesi hadi uifanye: unachuma kipande cha mwani, unakifunga kwa kijikamba bila kukibana mno wala kukilegeza, unasogea kidogo, unafunga kingine, mgongo umeinama, jua linapiga, chumvi iko kwenye macho. Mwishoni kamba inafungwa kwenye vijiti viwili vilivyosimikwa mchangani. Kamba za mgeni zitafunguliwa na kufungwa upya baadaye. Muda huo nao ni kazi, uweke kwenye bei.

Waambie wageni watembee nyuma ya mwenyeji na wasikanyage kamba. Pia wamuulize kuhusu aina za mwani. Aina inayoitwa cottonii ina bei nzuri zaidi kuliko spinosum, lakini maji yamekuwa ya moto na imekuwa ikifa, ndiyo maana wengi wamebaki na ile ya bei ndogo na wengine wameanza kutengeneza sabuni ya mwani. Mtu wa mauzo akisikia habari ya zao linalolipa vizuri lakini haliwezekani kulimwa, ana maswali ya kweli, na mazungumzo hujiendesha yenyewe.

Chakula cha mchana kiwe cha sinia. Tandika mikeka, sinia moja kwa watu watano: wali wa nazi, pweza, mchuzi wa samaki, kachumbari. Hapa ndipo wakurugenzi wanahitajika. Usiwape meza yao. Mchanganye mkurugenzi na wakala mdogo wa Mbagala na wenyeji wawili, kila mtu ale upande wake wa sinia. Nimeona sinia ikifanya kazi ambayo hotuba za ukumbini hazikuifanya.

Hatua ya 5: Fedha

Kampuni kubwa huzoea kulipa ankara baada ya siku 30 au zaidi. Kikundi cha kijijini hakiwezi kununua samaki na mchele kwa ahadi ya siku 30. Kwa hiyo weka sharti kwenye mkataba wako: mteja anakulipa kabla ya safari, wewe unakipa kikundi kianzio cha kununulia vitu, na salio linalipwa siku ile ile, kabla basi halijaondoka. Lipa kwenye simu au akaunti ya kikundi, si ya mtu mmoja, na hati ya malipo isainiwe na viongozi wawili. Wahasibu wa mteja watataka risiti. Kubaliana nao mapema ni karatasi gani wataipokea.

Lipa kwa kundi, usilipe kwa kichwa. Wageni watano wakiugua asubuhi, chakula kilishapikwa.

Ukimaliza bajeti, chora mstari na ujumlishe kila shilingi inayobaki kijijini: chakula, walimu, boti za wavuvi, vijana wa usafiri, sabuni na mikeka itakayonunuliwa kama zawadi. Kama jumla hiyo ni ndogo kuliko gharama ya jukwaa na taa za usiku wa tuzo, rudi mezani.

Hatua ya 6: Usiku wa tuzo na taarabu

Tuzo zitolewe mapema, zimalizike. Kisha taarabu, bila kukatwa na mshereheshaji. Mji Mkongwe una vikundi vyenye historia, kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na kuna wanamuziki waliofundishwa katika chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA. Ongea na kikundi chenyewe kuhusu malipo, usafiri na chakula chao. Waandalie wageni noti ndogondogo za kuwatunza waimbaji. Watu wa Dar hawahitaji kufundishwa. Wageni wa nje waoneshe mara moja, watacheza hadi jukwaani.

Hatua ya 7: Maelekezo ya wageni

Yasizidi ukurasa mmoja. Mabega na magoti yafunikwe kijijini; nguo za kuogelea zibaki ufukweni kwa hoteli. Pombe isitoke hotelini. Wakubwa waamkiwe shikamoo. Picha kwa ruhusa tu. Watoto wasipewe pipi wala pesa. Viatu vya kuingilia majini ni lazima. Wanaotoka nje ya nchi wakate bima ya Shirika la Bima Zanzibar, ya lazima tangu Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima. Kiongozi wa wageni awe na kibali cha Kamisheni ya Utalii.

Hatua ya 8: Baada ya kurudi

Ndani ya wiki moja piga simu kwa kikundi, siyo kwa mteja kwanza. Uliza nini kiliwachosha na nini wangebadilisha. Pelekea kijiji picha zilizochapishwa. Waliopigwa picha hawazioni kamwe. Halafu mpe mteja tarehe za bamvua za mwaka unaofuata na umwombe aweke kianzio mapema, maana kikundi kizuri hakikai wazi kikikusubiri wewe.