Somo: Namna ya kuipeleka kero ya mtaa mpaka iandikwe, na kuifuata ikishaandikwa

Mwangaluka ndugu zangu wa kikundi hiki. Tangu mvua zianze nimeulizwa swali moja na watu wengi: kwa nini kero ileile inasemwa kila mkutano wa mtaa, watu wanapiga makofi, halafu mwaka unaisha hakuna kilichofanyika? Nilikuwa mjumbe wa Kamati ya Mtaa kwa miaka mitano, katika mtaa mmoja wa mlimani hapa Mwanza, kule ambako nyumba zimepandana juu ya mawe na maji ya mvua hayana pa kupita ila mlangoni kwa mtu. Nitaeleza kwa hatua, kwa mfano wa mtaro wetu.

Mtaro huo unashuka kutoka juu, unapita chini ya kinjia kwenye kalavati dogo, kisha unaelekea bondeni. Kalavati liliziba kwa mchanga, chupa na matambara. Mvua ikinyesha usiku, kaya za chini zinaamka na ndoo. Tulilisema jambo hili mikutano mitatu mfululizo. Siku nilipoomba kusoma muhtasari wa mikutano hiyo nilikuta mstari mmoja: "Wananchi walilalamikia miundombinu." Basi. Hakuna mtaro, hakuna kalavati, hakuna aliyepewa kazi. Sikumlaumu aliyeandika, kwa sababu ndivyo tulivyosema wenyewe, kila mtu kwa sauti yake na kwa hasira zake. Lakini pale ndipo nilipoelewa kwamba kwa ofisi yoyote iliyo juu ya mtaa, mtaro wetu ulikuwa haupo.

Hatua ya 1: Jua kero ni ya nani

Usiruke hatua hii. Mwanza mjini kuna halmashauri mbili, na watu wanazichanganya kila siku. Ukiwa Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Buhongwa, Mabatini au Igoma, uko Jiji la Mwanza, yaani wilaya ya Nyamagana. Ukiwa Kirumba, Kitangiri, Pasiansi, Nyakato, Buswelu au Sangabuye, uko Manispaa ya Ilemela. Barua ikienda upande usio wake inalala huko.

Kisha angalia aina ya kero. Barabara za ndani ya mji na mifereji yake ni za TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Barabara kuu, kama ile ya kwenda Musoma au ya kwenda Shinyanga, ni za TANROADS. Bomba lililopasuka na chemba ya majitaka inayofurika ni MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Taka, vyoo na usafi vinaanzia kwa Afisa Afya wa Kata. Mtaa hauna fedha za kumaliza mambo haya, ila una mdomo na muhuri wa kuyapeleka.

Na jua watu wenyewe. Mwenyekiti wa Mtaa mmemchagua, mara ya mwisho Novemba 27, 2024, na muda wake ni miaka mitano. Mtendaji wa Mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, naye ndiye katibu wa mikutano. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, si wa serikali ya mtaa. Anaweza kukusaidia kama jirani mwema, lakini kumwambia balozi si kufikisha kero serikalini. Nimeona wazee wakisubiri miezi wakiamini wamesharipoti.

Hatua ya 2: Kusanya vitu vinavyoonekana

Piga picha siku ya mvua na siku ya jua. Hesabu kaya zinazoguswa, nyumba kwa nyumba, usikisie. Sisi tulipita watatu, jioni mbili, tukapata kaya 23. Andika kero ilianza lini na nini kimeshajaribiwa. Karatasi moja inatosha.

Hatua ya 3: Iingize kwenye ajenda kabla ya mkutano

Wengi husubiri "mengineyo". Mengineyo huja jua likiwa limezama, watu wameanza kuondoka, na mwenyekiti anataka kufunga. Mpelekee mtendaji karatasi yako mapema, wiki moja kabla ikiwezekana, na omba iwe ajenda inayojitegemea. Beba nakala ya pili, agonge muhuri na tarehe ya kupokea. Ombi la muhuri si ugomvi. Salimia vizuri, mwamkie aliyekuzidi umri, kaa, eleza. Ofisi za mitaa yetu ni za watu tunaokutana nao msibani na sokoni.

Hatua ya 4: Zungumza ukiwa na ombi

Siku ya mkutano sema mambo matatu tu: tatizo liko wapi, linamgusa nani, mnaomba nini kifanyike na nani. Achia hapo. Mkiwa wengi, mgawane. Kwetu alisimama mama mmoja wa nyumba za chini akaeleza usiku ambao maji yaliingia wanawe wakiwa wamelala sakafuni. Kijana akaonyesha picha. Mimi nikasoma ombi. Dakika kumi hazikufika. Msianze na mambo ya uchaguzi wala nani alimpigia nani kura, maana mkutano ukishageukia huko mtaro haurudi tena.

Hatua ya 5: Hakikisha linaandikwa azimio

Ndugu zangu, hapa ndipo kero nyingi zinapofia. Lalamiko likiingia kwenye muhtasari kama lalamiko, kazi yake imeisha. Azimio ni kitu kingine: linataja kazi, mtu na tarehe. Kabla mwenyekiti hajahamia ajenda nyingine, nyoosha mkono, omba azimio lisomwe kwa sauti. Letu la mara ya nne lilisomeka hivi:

"Mkutano umeazimia kwamba (a) wakazi wazibue mtaro kwa nguvu zao Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, (b) Mtendaji wa Mtaa aandike barua kwa Mtendaji wa Kata ndani ya siku saba kuomba wataalamu waje kupima kalavati, (c) taarifa ya utekelezaji itolewe mkutano ujao."

Linganisheni na "wananchi walilalamikia miundombinu". Watu ni walewale, mtaro ni uleule. Kifungu (a) nacho kina uzito wake. Mtaa unaoonyesha umeshashika koleo unasikilizwa tofauti na mtaa unaonyoosha kidole tu. Jumamosi ile tulitoa mchanga mpaka ukajaa kando ya kinjia, na ndani yake kulikuwa na mifuko ya plastiki, ingawa imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Taka hizo zingeshuka bondeni mpaka ziwani, maji yaleyale tunayoyavuta kunywa. Watu walioziona siku ile hawakuhitaji hotuba ya usafi.

Tieni sahihi pia kwenye daftari la mahudhurio. Mkutano usio na mahudhurio mazuri ni rahisi kuupuuza huko mbele. Na mkutano unaofuata unapoanza, muhtasari wa uliopita husomwa na kuthibitishwa. Fika kwa wakati usikie. Kilichoachwa, omba kirekebishwe palepale.

Hatua ya 6: Lifuate kwenye kata

Azimio la mtaa linapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti wake, Mtendaji wa Kata ndiye katibu, na wenyeviti wa mitaa yote ya kata wamo. Maana yake mwenyekiti wenu anakaa meza moja na wenyeviti wengine, kila mmoja na kero yake. Mpeni cha kushika: nakala ya muhtasari, picha, hesabu ya kaya. Kutoka hapo diwani hulipeleka kwenye baraza la halmashauri.

Angalieni kalenda pia. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na bajeti hupangwa miezi mingi kabla. Kero inayofika Juni imeshachelewa kwa mwaka huo. Pelekeni zinapoanza mvua za vuli, wakati madhara yanaonekana na meza za mipango ziko wazi.

Hatua ya 7: Rudisha taarifa

Aliyetumwa arudi aseme, hata kama jibu ni "bado". Kwetu wataalamu walikuja kupima baada ya barua mbili. Kalavati jipya bado hatujalipata, lakini mtaro tunauzibua wenyewe kabla ya kila msimu, na azimio liko kwenye faili. Nimeshatoka kwenye kamati na wanaoendelea hawaanzi upya.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mpangaji, Mabatini: Kaka, mimi ni mpangaji wa chumba kimoja. Mwenye nyumba aliniambia mkutano wa mtaa ni wa wenye viwanja. Je, nina haki ya kusema?

Unayo, ndugu. Mkutano Mkuu wa Mtaa ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18. Sheria inaangalia unaishi wapi, haiulizi hati ya kiwanja. Mtaa wenye wapangaji wengi ukiwaacha nje, unawaacha nje walio wengi. Nenda, saini mahudhurio, sema.

Mama wa Igogo: Shikamoo. Kuna jirani yangu wa juu, mvua ikinyesha anafungulia choo, uchafu wote unapita uani kwangu ambako watoto wanacheza. Nikisema kwenye mkutano nitaonekana mchokozi. Nifanyeje?

Marahaba mama, pole sana. Hili lisianzie mkutanoni. Kwanza, kama mnazungumza, nenda kwake na mtu mzima mnayemheshimu wote wawili. Mlimani kujenga shimo kwenye mwamba ni kazi ngumu na ya gharama, na wengine wanafanya hivyo kwa kukosa njia. Isiposaidia, nenda kwa Afisa Afya wa Kata ukiwa na tarehe na picha. Kutiririsha majitaka ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na yeye ana mamlaka ya kukagua bila kukutaja. Usisubiri masika. Kipindupindu tunakifahamu sisi watu wa kanda hii. Mkutanoni lete lile la jumla: mtaa wenu uombe MWAUWASA kuangalia kama mabomba ya majitaka yanaweza kufika upande wenu.

Bodaboda, Buzuruga: Kwetu mkutano haujaitishwa muda mrefu sana. Mwenyekiti ukimuuliza anasema watu hawaji. Tunaanzia wapi?

Andikeni barua fupi kumwomba mtendaji aitishe mkutano, mkitaja ajenda mnayoitaka, wasaini wakazi kadhaa wenye nyumba na wapangaji, nakala kwa Mtendaji wa Kata. Mkipuuzwa, barua ya pili iende kwa mkurugenzi wa manispaa. Na hilo la watu kutokuja mlimalize ninyi: kijiwe chenu kikijitolea kupita na kipaza sauti siku moja kabla, kisingizio kimekwisha.

Mzazi, Nyasaka: Tunatozwa mchango wa ulinzi kila mwezi. Ukiomba stakabadhi unaambiwa huna imani na viongozi.

Mchango wa mtaa unapitishwa na mkutano, na kiasi chake kinaandikwa kwenye muhtasari. Omba uonyeshwe muhtasari huo. Malipo ya halmashauri yana kumbukumbu namba na stakabadhi ya serikali. Yale mliyokubaliana wenyewe, kama ulinzi shirikishi, yawe na daftari linalosomwa mbele ya watu. Ukinyimwa kabisa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakuruhusu kuomba kwa maandishi, na ofisi ya umma inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Andika kwa adabu, taja kipindi unachotaka: "mapato na matumizi ya Januari hadi Juni". Ombi la jumla hupata jibu la jumla.

Mvuvi, Igombe: Mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapotia nanga, watu wanajenga mpaka kwenye maji, mitumbwi haina pa kupakia. Ni mambo ya mtaa au ya BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo?

Ya wote wawili. BMU inasimamia mwalo na uvuvi, lakini ujenzi unaigusa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. BMU iandike, mtaa upitishe azimio, zote mbili ziende kwa Mtendaji wa Kata na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wapewe nakala. Na msingoje nyumba zifike lenta. Msingi unapochimbwa ndiyo siku ya kuandika.

Mwalimu mstaafu, Kishili: Jirani amejenga ukuta akaziba kinjia cha watu wote. Tumeambiwa tumshitaki Baraza la Kata.

Shikamoo mwalimu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha, halitoi tena hukumu. Lina siku 30. Ikishindikana, shauri linaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nendeni kwenye usuluhishi mkiwa na wazee wanaokijua kinjia, na ombeni ramani ya eneo kwa ofisi ya mipango miji ya halmashauri kama eneo limepimwa.

Muuza dagaa, Kirumba: Mimi nina neno moja tu. Mikutano inaitishwa Jumamosi saa nne asubuhi. Muda huo sisi wanawake tuko soko la Mwaloni. Tukirudi tunakuta mambo yameshapitishwa.

Dada, hilo nalo ni ajenda. Liandike kama tulivyoandika mtaro: "Tunaomba mikutano ya mtaa ianze saa kumi jioni Jumapili." Hesabu majina ya wenzako mnaofanya kazi Mwaloni na kuishi mtaa mmoja, wasaini, umpelekee mtendaji kabla ya tangazo la mkutano ujao kubandikwa.