Siku Moja Mashambani Ninh Binh Mkiwa Kundi

Ninh Binh, nchini Vietnam, iko kilomita 95 hivi kusini mwa mji mkuu Hanoi, mwendo wa saa mbili kwa gari. Ondokeni saa moja asubuhi. Mkichelewa mtakuta foleni ndefu kwenye vituo vya mitumbwi.

Kabla ya kulipa, mwulizeni mwongozaji: ni Trang An au Tam Coc? Hizi ni sehemu mbili tofauti za safari ya mtumbwi kupitia mapango, na watu huzichanganya. Trang An, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2014, huchukua karibu saa tatu majini, na mtumbwi hubeba wanne. Tam Coc, maana yake "mapango matatu", mtumbwi kwa kawaida hubeba wageni wawili, na wapiga makasia wengi hutumia miguu. Mashamba ya mpunga yanapakana na mto huohuo wa Tam Coc, na hugeuka dhahabu mwishoni mwa Mei hadi mapema Juni. Wakishavuna, ni mabua tu. Ndani ya mapango inameni, dari ni fupi.

Hang Mua, kilima cha kutazamia mandhari, ina ngazi karibu 500, tena za mawe. Pandeni jioni, si saa saba mchana, kila mtu na lita moja ya maji. Ndala zitawaangusha mvua ikinyesha.

Bebeni noti ndogondogo za bakshishi. Angalieni sana: noti ya dong (pesa ya Vietnam) 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu, na gizani pangoni hamtaona tofauti.