Kuweka matawi ya Git kwenye mashine yako sawa na ya seva

Git ni programu ya kutunza historia ya mafaili; tawi ni mfululizo wa komiti, yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa. `main` ni tawi lako la kazi. `origin/main` (`origin` ni jina la seva) ni alama ya mahali tawi la seva lilipokuwa Git ilipowasiliana nayo mara ya mwisho, na alama hiyo haisogei yenyewe. Ndiyo maana `git status` huweza kusema uko sawa ilhali wenzako wamesukuma (wametuma kwenye seva) komiti mpya tangu asubuhi.

Anza hivi:

`git fetch --prune`

Amri hii huleta komiti mpya na kuondoa alama za matawi yaliyofutwa kwenye seva. Haigusi mafaili wala matawi yako ya kazi, kwa hiyo iendeshe wakati wowote. Kuifanya desturi: `git config --global fetch.prune true`. Bila usafishaji huo, mtu akifuta tawi `malipo` kisha akaunda `malipo/kadi`, Git hugoma kwa ujumbe `cannot lock ref`, kwa kuwa majina hayo mawili hayawezi kukaa pamoja.

Sasa tazama hali:

`git branch -vv`

Penye `behind` (uko nyuma ya seva) pekee, kama uko kwenye tawi hilo, tumia `git pull --ff-only`, inayosogeza tawi mbele tu bila kuunganisha. Kama uko tawi jingine, huna haja ya kuhama: `git fetch origin main:main` hulisogeza `main` mbele.

Penye `ahead` (una komiti ambazo seva haina) na `behind` pamoja, njia zimeachana na `--ff-only` itakataa. Afadhali ikatae kuliko kukuundia komiti ya muungano usiyoitaka. Soma kwanza `git log --oneline origin/main..main`. Ikiwa ni kazi yako, tumia `git rebase origin/main`, ambayo huziweka upya komiti zako juu ya zile za seva. Ikiwa ni komiti za zamani, zilizobaki baada ya mtu kuandika upya historia na kusukuma kwa nguvu, tumia `git reset --hard origin/main`, ambayo hulifanya tawi lako sawa kabisa na la seva. Lakini hifadhi kwanza kwa `git stash`: mabadiliko yasiyo kwenye komiti yakifutwa hapa, Git haiwezi kukurudishia.

Penye `gone`, seva haina tena tawi hilo. Futa kwa `git branch -d jina`. Itakataa ikiwa komiti zake zilibanwa kuwa moja wakati wa kuunganishwa, kwani komiti zako zenyewe hazimo ndani ya `main`. Hakikisha kazi imeingia, ndipo utumie `-D`, inayofuta bila kukagua. Ukikosea, `git reflog` (kumbukumbu ya komiti ulizopitia) itakuonyesha namba ya komiti, na `git branch jina namba` hurudisha tawi. Usikawie: kwa kawaida Git hutunza rekodi za komiti zisizo na tawi kwa siku 30.